Sahani ya Tatu

"Kwa nini hataki kula?"

Bibi aliniuliza hivyo akiwa ameketi nyuma ya mlango wa kioo wa jikoni, mikono mapajani, kichwa kimeinama upande mmoja kama mtu anayesikiliza redio yenye mikwaruzo. Ilikuwa asubuhi ya mwezi Septemba, Lewisville, Texas, na nje joto lilikuwa limeshaanza. Aliyekuwa akimzungumzia ni kunguru. Juu ya ukuta mfupi wa matofali uani kulikuwa na sahani tatu za karatasi, zote zimepakuliwa chakula kilekile kutoka sufuria moja. Kunguru alikuwa amemaliza ya kwanza. Akamaliza ya pili. Ya tatu aliisogelea, akaitazama kwa jicho moja, kisha akageuza kichwa akaitazama kwa jicho la pili. Halafu akaizunguka kwa hatua ndogo ndogo, akaruka hadi juu ya uzio wa mbao, akakaa hapo akitutazama sisi.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu na shahada ya biolojia. Nyumbani nilikuwa nimeuliza maswali mengi kiasi cha kuombewa na kikundi kizima cha maombi cha mama yangu. Nilizoea kuwa mimi ndiye ninayeuliza na wengine ndio wanaobabaika. Siku ile nilibabaika mimi. Nilimwambia Bibi kwamba huenda ameshiba.

"Kunguru hashibi," alisema, wala hakunitazama.

Hakuwa bibi yangu wa damu. Alikuwa mama mzee kutoka kijiji cha pwani ya Kachi, magharibi mwa India, na mimi nilikuwa mhudumu wake wa mchana. Ujanani aliishi Mombasa miaka minane, mke wa fundi cherehani, na baada ya lugha za kwao, Kiswahili ndiyo lugha pekee iliyowahi kuingia kichwani mwake. Kiingereza kilikataa. Wahudumu watatu walionitangulia walizungumza naye kwa ishara, mpaka siku moja akagoma kuoga. Ndipo mwanawe, mhandisi wa kompyuta asiyejua hata neno moja la Kiswahili, akatangaza kwamba anatafuta mtu anayekijua. Tangazo likazunguka kwenye makundi ya simu ya manesi Wakenya hadi likamfikia mama yangu, nesi pia, kule Cedar Hill.

"Uta-apply nursing mwakani," mama aliniambia. "Kwa sasa shika hii. Pengine utajifunza kunyamaza."

Siku ya kwanza nilimsalimia Bibi kwa Kiswahili changu cha Nairobi, nilichokuwa nimehama nacho nikiwa na miaka kumi na moja na kukichanganya na Kiingereza tangu hapo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema Kiswahili changu kimemwagika njiani nikaokota nusu, na kwamba tutaanza upya na shikamoo. Kiswahili hiki ninachoandikia, kwa sehemu kubwa, ni chake.

Nyumba ilikuwa kubwa na kimya. Kutoka saa mbili asubuhi, mwanawe akishaondoka, hadi saa kumi na moja jioni, hapakuwa na sauti ila kiyoyozi, saa ya ukutani, na bangili za Bibi. Zilikuwa za kioo, nyekundu, nane kila mkono, na kwa sababu mikono yake ilitetemeka kidogo daima, zililia hata akiwa amelala. Mara nyingine nilikuwa chumba cha kufulia nikizisikia karibu yangu, nikageuka, nikakuta hakuna mtu.

Kijiji chake alikizungumzia kama mahali alipotoka jana. Kilikuwa na mitaa miwili, wa juu wa mafundi na wenye maduka, wa chini wa mabaharia na wavuvi, na harufu ya samaki wakavu haikujua mpaka. Chumvi ilikula kuta. Kila mwaka walipaka chokaa upya kabla ya sikukuu, na kila mwaka chumvi iliisukuma nje kama ngozi inayobambuka. Asubuhi wanawake waliumwagilia mrehani uliopandwa katikati ya ua, wakauzunguka wakiomba, kisha wakasaga uwele wa mikate ya siku. Mwezi wa nane, mbalamwezi ikiwa kamili, kijiji kizima kilishuka ufukweni na nazi na kuipa bahari, na kabla ya hapo hakuna chombo kilichotoka.

Nilimuuliza bahari inafanya nini na nazi.

"Inakula."

Nilimwambia kwamba nazi huelea na kurudi nchi kavu.

"Inakula inazotaka," alisema. "Nyingine inarudisha. Ni wewe tu unayekula kila unachopewa."

Mrehani wake ulikuwapo Lewisville pia, kwenye ndoo ya rangi kando ya kiyoyozi. Kila asubuhi nilimshika kiwiko akauzunguka mara tatu, na mara tatu nikauzunguka mimi, kwa sababu sikuweza kumwachia. Nilijiambia kwamba yeye anaomba na mimi ninatembea.

Habari za mumewe nilizipata kidogo kidogo, nikimkata kucha, nikimchana nywele. Alikuwa amemrudisha kijijini akiwa mjamzito ili ajifungulie kwa wazee, naye akabaki Mombasa akiahidi kufuata baada ya miezi sita. Barua zilikuja mwaka mmoja. Kisha hazikuja. Jamaa waliotoka Mombasa walileta habari zisizofanana. Mmoja alisema aliugua homa. Mwingine alisema alionekana akipanda basi la kwenda kusini, kuvuka mpaka. Wa tatu aliapa kwamba amekufa na kuchomwa, ila yeye mwenyewe hakuwapo siku hiyo. Hapakuwa na karatasi, hapakuwa na majivu.

Kwao, mke huvaa bangili za kioo na hupaka poda nyekundu kwenye mstari wa nywele. Mjane huzivunja bangili, huifuta poda, huvaa nyeupe na kukaa nyuma arusini. Ilipopita miaka kumi na miwili, wazee wa ukoo walitaka kutengeneza mtu wa majani wamchome badala ya mume, mambo yaishe. Bibi alikataa.

"Nitaliliaje majani?" aliniambia.

Kwa hiyo akakosa mahali. Arusini walimkalisha karibu na mlango, si mbele na wake, si nyuma na wajane, na wapishi walimpita bila kujua wampakulie wakati gani. Alikaa mlangoni hivyo zaidi ya miaka thelathini, mpaka mwanawe alipomleta Texas.

Njia ya kujua ilikuwa moja tu, kwa imani yake. Kila mwaka, nusu ya mwezi inayofifia kuelekea giza, wafu hurudi kula, na mdomo wao ni kunguru. Siku kumi na sita hakuna kununua nguo mpya wala kufunga ndoa. Unapika maziwa na mchele, sukari na iliki mpaka yawe mazito, unakaanga mikate midogo inayovimba wanayoita puri, unaweka juu ya paa, unaita. Kunguru akila, marehemu ameridhika, na wewe unaruhusiwa kula. Mumewe hakuwa na tarehe ya kufa, basi siku yake ilikuwa ya mwisho, ya mwezi usioonekana, ambayo ni ya wafu wote wasiojulikana. Kijijini kunguru walikuwa wengi hata walinyakua mkate mkononi mwa mtoto. Walimaliza sahani za mapaa yote. Juu ya paa lake walikula ya baba mkwe, wakala ya mama mkwe, wakaiacha ya mumewe ikauke.

"Mwaka wa kwanza nilifurahi," alisema. "Nikasema, hajafa. Mwaka wa ishirini sikujua tena kama ninafurahi."

Na sasa hakuwa na miaka ya kungoja. Mwezi Julai daktari alimwambia mwanawe kwamba moyo wa mama yake umechoka, na Bibi alielewa bila kutafsiriwa. Wiki ileile aliniambia nivute sanduku kutoka chini ya kitanda. Ndani kulikuwa na sari mbili zilizokunjwa kwenye karatasi. Moja nyekundu, yenye nyuzi za dhahabu. Moja nyeupe, haina hata pindo. Mwanamke anayetangulia kabla ya mumewe huchomwa amepambwa kama bibi arusi, akaeleza, na wanawake wa kijiji humgusa miguu kwa kumwonea wivu. Mjane huenda na nyeupe.

"Sitaki kuingia motoni nimevaa uongo," alisema. "Nataka kujua nivae ipi."

Nilimwambia kwamba mwanawe angeweza kutafuta kwenye mtandao. Alishatafuta, akajibu, mtandao ulimletea wanaume mia tatu wenye jina hilo, wote wauza simu.

Kwa kawaida sahani huwekwa siku maalumu tu, lakini yeye aliamua kuziweka siku zote kumi na sita. Kunguru wa Mombasa walitoka kwao, alisema, walijua kazi yao. Hawa wa Texas lazima wafundishwe. Wiki ya kwanza walikuja kindi, na wale ndege weusi wenye mkia mrefu wanaojaa kwenye nyaya juu ya maegesho ya maduka jioni. Bibi aliwafukuza kwa fimbo yake akigonga kioo. "Hao si wao." Chama cha wenye nyumba cha mtaa kilituma barua kuhusu kulisha ndege. Mwanawe aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni.

Siku ya nane walikuja wanne. Wakubwa kuliko kunguru ninaowakumbuka, weusi kabisa, hawana shingo ya kijivu. Walitua juu ya uzio bila kelele, na mmoja akashuka kwenye sahani. Yaliyotokea nimeshayaeleza.

Mimi nikafanya nilivyofundishwa chuoni: badilisha kitu kimoja, vingine viache vilivyo. Chakula kilikuwa kimoja, sahani za pakiti moja, na mpakuaji ni mimi. Tofauti pekee ilikuwa jina alilonong'oneza Bibi juu ya kila sahani, mezani, kabla sijazitoa nje. Kesho yake nilitia nukta ya penseli chini ya sahani ya tatu, na nilipofika ukutani nikaiweka mahali pa kwanza. Kunguru akala ya katikati na ya mwisho. Siku iliyofuata nikaiweka katikati. Akala za pembeni. Siku ya tatu nilizichanganya kwa nyuma, macho nimefumba, mpaka mimi mwenyewe sikujua ipi ni ipi. Alipoondoka nilienda kuinua iliyobaki. Nukta ilikuwa chini yake.

Labda anashiba kwa mbili, nikafikiri. Siku ya nne niliongeza sahani ambayo haikunong'onezewa jina lolote. Akala tatu. Akaacha yenye nukta.

Nilikaa garini jioni ile kabla ya kuwasha, nikapiga hesabu. Bahati ingeweza kufanya hivyo, si mara nyingi, lakini ingeweza. Kunguru hutambua nyuso, nilisoma hivyo; labda alisoma kitu usoni mwangu. Ila mara ile ya kufumba macho uso wangu haukuwa na kitu cha kusomwa. Nilipoinua kichwa, mmoja wao alikuwa juu ya boneti. Hakulia. Aliutazama mkono wangu wa kulia, ule wenye penseli, kisha akaondoka.

Nilimpigia mama nikamsimulia kama kichekesho. Hakucheka. Alisema anaelewa kwamba ni kazi, na mzee ni mzee, lakini nimsikilize kwa jambo moja.

"Chakula kilichowekewa wafu, usikile. Hata kuonja. Umenisikia?"

Nilimjibu kwamba maziwa ni maziwa.

Siku ya kumi na sita ilikuwa ya mawingu mazito bila mvua. Mwanawe aliondoka mapema kwenye mkutano. Bibi alijidunga insulini yake mwenyewe saa mbili, kama kila siku, nikamwona, nikaandika daftarini. Kisha akaniambia kile alichokuwa amekificha: hatakula mpaka sahani ya tatu iliwe. Siyo yoyote, ile ya tatu. Leo ni siku ya mumewe, asipokula leo, basi.

Nilimwambia kwamba dawa imeshaingia mwilini na haingoji ndege.

"Naye pia amengoja," alisema.

Walikuja saa nne. Wakala ya kwanza, wakala ya pili. Wakapanda juu ya uzio, wanne, wakakaa. Bibi aliita kwa sauti nyembamba kupitia upenyo wa mlango wa kioo, maneno mawili ya kwao ya kumwita kunguru, kaag vaas, kaag vaas, hadi sauti ikakauka. Saa tano nilimpima sukari, ilikuwa imeshuka. Saa tano na nusu ilikuwa imeshuka zaidi. Jasho lilimtoka juu ya mdomo na bangili zake zilianza kulia mfululizo, mlio mmoja usiokatika. Nilimletea juisi ya machungwa, akafunga mdomo kama mtoto. Nilimpigia mwanawe mara tatu, simu ikalia hadi mwisho. Nilimwambia Bibi kwamba nitaita gari la wagonjwa, akasema waje, wampeleke, hata huko hatafungua mdomo.

"Nenda kaangalie," aliniambia. "Nenda karibu. Mwulize."

Nikatoka. Nilikuwa nimevaa fulana nyeusi na suruali nyeusi, sare ya kazi. Joto la uani lilikuwa zito na hakuna jani lililotikisika, na wale wanne hawakuruka niliposogea. Walisogea kidogo tu kunipa nafasi, kama watu wanavyofanya kwenye benchi. Nikainama juu ya sahani. Maziwa yalikuwa na utando juu na sisimizi wawili pembeni. Nilifikiri kuyamwaga nyuma ya ukuta, lakini kindi wangeburuta puri hadi mahali pa wazi, na jioni mwanawe angetumwa kuangalia. Sikufikiri zaidi ya hapo. Nikiwa nimempa mgongo mlango wa kioo, nikala. Nilikula kwa mkono, maziwa kwanza, haraka, kisha puri mbili zilizokauka kama ngozi. Yalikuwa vuguvugu na matamu mno. Kunguru waliniangalia mpaka nilipomaliza. Halafu wakaondoka, wote pamoja, na hawakurudi tena mwaka ule.

Niliporudi ndani Bibi alikuwa ameshika mikono ya kiti. Macho yake yalikuwa na ukungu wa uzee. Kwa umbali ule aliona maumbo tu.

"Nimemwona," alisema. "Mweusi. Mkubwa."

Nilijifuta mkono kwenye suruali.

"Amekula?"

"Amekula, Bibi."

"Vyote?"

"Vyote."

"Alianza na nini?"

Nilisema alianza na maziwa. Bibi akatoa pumzi ndefu, akatabasamu, nikayaona meno yake yaliyobaki.

"Ndivyo alivyokuwa," alisema. "Mama yake alimpiga kwa tabia hiyo."

Akafungua mdomo, nikampa juisi. Akanywa yote. Nilimpima tena na tena hadi namba ikapanda, na kila ilipopanda nilijiambia nimefanya kazi yangu. Kisha akaniomba mchi wa kinu cha tangawizi. Nilidhani anataka kupika. Aliweka mkono wa kushoto juu ya kizingiti cha mlango wa uani, akapiga. Alipiga polepole, bila hasira, bangili moja baada ya nyingine, mkono wa kushoto, halafu akanipa mchi nimpigie za kulia kwa sababu mkono wa kushoto hauna nguvu. Nilimpigia. Kioo kiliruka hadi chini ya friji. Akalowesha pembe ya sari yake kwa maji, akafuta ile poda nyekundu kichwani, akaniachia ile pembe niioshe.

Tulikula chakula cha mchana pamoja. Alikula vizuri. Nami nilikula tena, nisingeweza kukataa.

Baada ya siku ile nyumba ilikuwa kimya kwa namna nyingine. Sikuwa nimejua ni kiasi gani nilizisikia bangili zile mpaka zilipokosekana. Mwanawe aliporudi jioni, aliitazama mikono ya mama yake, akanitazama, akaenda kusimama mbele ya friji iliyo wazi kwa muda mrefu. Hakuniuliza. Alikuwa na miaka hamsini na kidogo, na hiyo ndiyo siku aliyofiwa na baba.

Bibi alianza kuniangalia kwa upole ambao haukuwa wangu. Alinipakulia kwanza. Alinisogezea kiti chenye upepo. Mara moja, nikimvalisha soksi, alinishika kidevu akasema kitu kwa Kikachi, kwa sauti ya msichana, na nilipomwomba anitafsirie akasema si maneno yangu, nisijali. Usiku huo nilipiga mswaki mara mbili.

Januari nilihama. Nilipata kazi ya ukalimani kwenye kliniki moja Houston, nikapanga Sharpstown, ghorofa ya pili, majirani Warundi chini na Wakongo pembeni, na siku nzima nikawa napokea maumivu ya mtu kwa lugha moja na kuyatoa kwa nyingine. Februari mwanawe alinipigia. Bibi alikuwa amelala mchana na hakuamka. Walimchoma siku mbili baadaye.

"Kwa nyeupe," alisema kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Kama alivyoagiza. Mikono mitupu. Ile nyekundu sijui niifanyie nini."

Nilimwambia aiweke.

Machi alipita Houston na majivu, akielekea Galveston, akaniomba nifuatane naye. Kijiji chake kilikuwa cha bahari, alisema, na hii ni bahari iliyo karibu. Tulisimama kwenye mawe, maji yakiwa rangi ya chai. Alikuwa na majivu kwenye kopo, maua ya njano, na nazi. Nazi aliirusha mbali. Tulikaa garini nusu saa tukila sandwichi, na tulipokuwa tukiondoka niliiona imerudi, inagonga gonga kwenye mawe. Yeye hakuiona. Njiani aliniambia hataweka sahani tena, mambo hayo yameisha na mama yake. Nilikuwa na maneno mdomoni tangu Galveston hadi barabara ya kuingia Sharpstown. Nikamshukuru kwa usafiri, nikashuka.

Ilipita miaka mitatu. Nilifikiria uani kule mara chache, na kila nilipofikiria nilijipa majibu mazuri. Maisha yake yalikuwa hatarini, saa hizo, dakika hizo. Alikufa akiwa na hakika, jambo ambalo watu wengi hawapati. Mwanamume aliyepotea nusu karne amekufa, huhitaji ndege kukuambia. Yote hayo bado nayaona ni ya akili. Lakini sivai nyeusi tena kazini.

Kisha mwanawe akanitumia sauti kwenye simu. Katika sanduku la mama yake, chini ya ile sari nyekundu, alikuwa amekuta picha ya duka la cherehani, Mombasa, kijana amesimama mlangoni, na miezi mingi baadaye akaiweka kwenye ukurasa mmoja wa picha za kale za Mombasa. Mtu alikuwa amemjibu kwa Kiswahili, kwa sauti, dakika nne. Alitaka kujua anasema nini. Alibaki kwenye laini, nami nikamsikiliza yule mtu kupitia simu yangu nyingine ya kazi.

Alikuwa mwanamke, sauti ya makamo, kutoka Lindi, kusini mwa Tanzania. Alisalimia kwa heshima. Alisema picha hiyo ni ya baba yao, hawana shaka, kovu la jicho ni lile. Aliwalea watoto watano kwa kutengeneza cherehani, hakupenda kuzungumza ya nyuma, na walipomuuliza alisema nyuma hakuna mtu. Alikuwa mzee mwenye afya, alisema, mpaka mwisho alikula vizuri, maziwa ndiyo aliyapenda. Nilitafsiri sentensi baada ya sentensi.

Yule mwanamke hakutaja mwaka. Ningeweza kuacha hapo. Niliandika ujumbe mfupi, nikamuuliza, kwa shikamoo na pole, mzee alifariki lini hasa. Alijibu baada ya dakika chache, na nikamsomea mwanawe jibu kama lilivyokuwa, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yangu.

Alifariki Lindi mwezi wa Juni, miezi kumi na sita baada ya mkewe kuchomwa kwa sari nyeupe.